Mimi Si Mkaidi, Ni Mkulima Mbaya

Uvira, tarehe 9 Februari 1956.
Leo ni miaka ishirini na minne, miezi minne na siku kumi na moja tangu niondolewe Lusangi.

Kwa Bwana Mkubwa Mwenyekiti,
Tume ya Kuangalia Upya Faili za Wahamishwa.

Bwana Mwenyekiti mheshimiwa,

Mimi ni Bulaimu bin Kassimu, mzaliwa wa Lusangi katika nchi ya Kabambare. Kurani nilisomea Kasongo. Kifaransa nilikiokota mwenyewe katika magazeti yaliyofungiwa sabuni, na ndiyo maana nakijua vipande vipande. Sasa nasomesha watoto na kuandika barua za watu hapa Uvira, katika sité, mtaa wa sisi watu weusi. Faili yangu iko kwenu. Nimeambiwa ni nyembamba, ina karatasi nne tu. Naandika ili ziwe tano.

Ninachotaka ni kimoja, nakisema mapema ili msomaji asije akapotea katikati ya miti: nataka kurudi Lusangi. Kutoka mlango wetu hadi jiwe la kufulia kijitoni ni hatua mia tatu na arobaini. Nilizihesabu nikiwa kijana, kisha nikazihesabu tena asubuhi ile niliyofungwa kamba, na hazikuwa zimepungua. Wakati wa mavuno, mpunga ukitandazwa juu ya mikeka, harufu yake hufika kijitoni kabla ya mtu. Mama yangu amezikwa nyuma ya nyumba, upande wa mashariki. Sijui ni nani anayepalilia pale. Nina umri wa miaka sitini au zaidi kidogo, na macho yangu yameanza kuniacha. Ningependa kufika kabla hayajaisha.

Mwaka 1952 Tume yenu iliniandikia barua nzuri, iliyopigwa kwa mashine. Ilisema kwamba mtu aliyehamishwa kwa kosa la kuharibu kilimo cha serikali anaweza kurudishwa kwao akionyesha kwamba amejirekebisha. Ushahidi wa kujirekebisha, ilisema, ni miti kumi na miwili ya matunda, ipandwe katika lupango lake, yaani kiwanja cha nyumba yake, iishi misimu miwili ya mvua, na ihesabiwe na moniteri wa kilimo. Barua hiyo nimeisoma hata mikunjo yake ikakatika, nikaishona kwa uzi mweupe. Kuhusu hiyo barua, na kuhusu hukumu iliyoitangulia, naleta malalamiko yangu kwa namba, kwa kuwa najua ofisi hupenda namba.

La kwanza: hukumu ya mwaka 1931.

Mwezi wa Desemba 1930 tuligawiwa mbegu za pamba, kila mume kikapu kimoja. Shamba nililopimiwa lilikuwa lile lile la mpunga la mke wangu, Nuru binti Assumani, kwa sababu kapita, msimamizi wa pamba, aliona udongo wake ni mweusi na mzuri. Mpunga wenyewe ulikuwa tayari umefika magotini. Ukang'olewa. Nuru alikusanya mabua, akayafunga mafungu, akayaweka juu ya dari.

Nilichimba mashimo mia nne kwa mstari. Mbegu sikuzigusa. Kwetu mume huchimba, na mbegu ni kazi ya mwanamke: yeye ndiye huzitia majini zilale, na kesho yake huzifukia kwa mkono wake. Ndivyo tunavyofanya mpunga, na hakuna aliyetuambia kwamba pamba ni kitu kingine. Nuru alijulikana Lusangi nzima kwa kuloweka mbegu. Wanawake wa vijiji vya jirani walimletea mpunga wao awalowekee, wakisema mkono wake ni mwepesi. Basi mbegu elfu moja na mia mbili zilipita katika mikono hiyo, zikaingia tatu tatu katika mashimo yangu. Hakikutoka hata kijani kimoja.

Baada ya wiki tatu alikuja kapita, jina lake Ramazani. Shimo la kwanza alilifukua kwa kidole cha mguu, la pili kwa fimbo, la tatu akapiga magoti. Akatoa mbegu, akaiminya, akaitia mdomoni, akatafuna. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama pale.

"Bwana Bulaimu," akasema, "imeiva vizuri. Imepungua chumvi tu."

Watu walicheka. Kicheko kile kiliandikwa katika faili kuwa ni uchochezi.

Hakimu alisema kwamba mbegu elfu moja na mia mbili haziwezi kufa kwa bahati mbaya; kwamba kufa kwa namna hiyo kunataka mtu, moto na chungu. Nilipewa fimbo kumi na mbili, miezi sita ya jela, kisha nikahamishwa mbali na kwetu mpaka nitakapopata akili. Bwana Mwenyekiti, hakimu yule alikuwa msomi, lakini hakunijua. Hakuwahi kuniona nikipanda kitu. Hakuuliza mbegu zililowekwa na nani. Angeuliza, angejua kwamba zilitoka katika mikono salama kuliko yote nchi ile, na kwa hiyo kosa haliwezi kuwa la mbegu. Kosa ni la mashimo, na mashimo ni yangu. Kuhusu ushahidi wa Ramazani, naomba ikumbukwe kwamba aliutoa kabla ya chakula cha mchana.

La pili: miche.

Nilipopata barua yenu nilianza kazi kwa nia safi. Nilitafuta kitabu kidogo cha kilimo, nikakisoma chote, hata ukurasa unaotaja aliyekichapa. Nilipima lupango kwa kamba. Nilichimba mashimo kumi na mawili, nikatia samadi ya mbuzi iliyokaa miezi mitatu, kama kitabu kinavyotaka. Nilifungua daftari la miti, lenye safu tatu: jina, siku ya kupandwa, siku ya kufa. Nilidhani safu ya tatu itabaki nyeupe.

Mlimau wa kwanza, siku tisa. Mlimau wa pili ulitoka Kasongo ndani ya kopo la maziwa. Ulisafiri wiki tatu bila maji, chini ya kiti cha lori, ukakanyagwa na kuku, ukashuka hapa ukiwa na maua mawili. Kwangu uliishi siku sita. Mpera, siku kumi na tisa. Mchungwa uliopandikizwa na mapadre, ambao padre mwenyewe alisema hauwezi kunishinda, siku nne. Mparachichi ulijitahidi kuliko yote. Siku ya thelathini ulitoa jani jipya, dogo kama sikio la panya, nikawaita majirani waje walione. Siku ya thelathini na moja niliwaita tena.

Jirani yangu ni mwanamke mmoja anayeitwa Cécilia, muuza dagaa. Hana kitabu cha kilimo. Yeye hula papai akiwa amesimama dirishani na kutema mbegu nje, na kwa kazi hiyo peke yake amepata mipapai saba. Asubuhi hunichungulia juu ya ua na kuniuliza:

"Baba Bulaimu, leo tunazika nani?"

Namjibu, mpera.

"Ulikuwa na miaka ngapi?"

Siku kumi na tisa.

"Maskini, bado mutoto."

Kisha huenda kuchuma papai. Sina ubaya naye. Huniletea nusu.

La tatu: mgomba.

Moniteri mliyemtuma kuhesabu miti yangu anaitwa Dominique. Ni mtu wa adabu, mwenye soksi ndefu na penseli mbili. Karatasi yake ina safu mbili, "hai" na "si hai", na katika ziara ya pili aliniambia kwamba angetamani iwe na ya tatu. Kwa kunionea huruma alikubali kuhesabu mgomba kuwa mti wa matunda, jambo ambalo sheria haimruhusu, na naomba asiadhibiwe kwa hilo.

"Mwalimu," aliniambia, "mugomba hauna habari na mutu. Unaukata, unaota. Unauchoma, unaota. Unahama nyumba, unarudi miaka kumi, unaukuta na watoto. Panda mugomba, tumalize hii kazi."

Nilipanda mgomba. Siku ya kumi na mbili majani yalijikunja na kulala chini. Dominique aliufukua kwa mikono yake, akashika shina. Likaachana vidoleni mwake kama muhogo uliochemshwa. Alivua kofia. Alisema yuko katika kazi hiyo miaka kumi na moja na hajapata kuona. Wiki iliyofuata alirudi na wenzake wawili kutoka Fizi, waliokuja kwa baiskeli, nao wakasimama kuzunguka lile shimo kama watu waliofika matangani kwa marehemu wasiyemjua. Mmoja aliniomba ruhusa ya kunishika mikono aitazame. Akaigeuza, akairudisha. "Iko mikono tu," akasema.

La nne: ua.

Hili linaniuma zaidi, kwa kuwa halikuwa katika barua yenu. Katika nchi hii mti wa ua ukikatwa na kuchomekwa ardhini huchipua wenyewe, bila kuombwa na mtu. Mimi na Cécilia tulikata miti ya ua siku moja, kutoka mti mmoja, kwa panga moja. Upande wake sasa ni majani matupu. Ndege wamejenga, na kila mwezi hana budi kuyapunguza. Upande wangu, ambako maji ya vyombo humwagwa, ni kuni zilizosimama. Yaani hata kitu nilichokipanda bila kutaka kiote, hakikuota.

La tano: majani ya kawaida.

Hata magugu yamehama. Bwana wa afya alipopita mwaka 1954 kukagua malupango, alitutolea karatasi ya pongezi, yenye muhuri, inayosema kwamba lupango langu ni safi kuliko yote, halina nyasi ya kuficha mbu. Nilimweleza kwamba sikukusudia. Nilimwomba aandike hivyo chini ya muhuri. Alijibu kwamba karatasi haina nafasi ya maneno hayo. Naambatisha nakala, siyo kwa kujisifu, bali kwa kuwa ni ushahidi wa serikali yenyewe.

La sita: asije mtu akasema kwamba niliipuuza miti.

Asubuhi niliimwagia maji mimi. Jioni, niendapo msikitini kwa sala ya magharibi, mke wangu hushika zamu. Nuru alinifuata katika uhamisho kwa hiari yake. Hakuna karatasi iliyomtaja. Alitembea na mimi kutoka Kasongo akiwa na mzigo kichwani na sufuria yetu kubwa ya harusi mkononi, na askari walipomwambia aiache kwa kuwa ni nzito, alisema afadhali wamwache yeye. Mwanamke wa namna hiyo hasahau zamu. Kwa miaka minne hakukosa hata jioni moja.

Mara moja nilirudi kabla ya sala kwa sababu nilisahau miwani. Nilimkuta akitoka jikoni kuelekea kwenye mpera, amebeba ile sufuria kwa kitambaa, kwa mikono yote miwili, taratibu, uso ameugeuzia pembeni, kama mtu abebaye kitu cha thamani anachoogopa kukitikisa. Sijaona mtu anayeuheshimu mti namna ile. Nilirudi msikitini bila kumwita, nisije nikamharibia. Kesho yake mpera ukafa, na nilisikitika kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya mpera. Aliponiona nimekaa mbele ya shimo, alisema:

"Mume wangu, huu muti iko nakuogopa. Achana nayo. Kuja ukule."

Nilikula. Lakini sikuachana nayo, kwa sababu nyuma ya mti kulikuwa na Lusangi.

La saba: barua yenu ya mwaka 1952, kama inavyosomeka.

Nimeipima barua hiyo kwa pande zote, na naomba Tume iipime pamoja nami. Nilihamishwa kwa sababu mbegu zangu hazikuota, na mimi nikasema kwamba ni mkono wangu mbaya. Sasa natakiwa kuotesha miti kumi na miwili. Ikiota, mtasema: Bulaimu ana mkono mzuri, kwa hiyo mwaka 1931 alidanganya, kwa hiyo abaki Uvira. Isipoota, mtasema: Bulaimu hajajirekebisha, kwa hiyo abaki Uvira. Nimetafuta mti wa namna ya tatu, unaoota nusu, sikuupata; na kama ungekuwapo, kwangu ungekufa.

Kwa hiyo nasema kwa heshima kwamba mmekuwa mkihesabu upande usio wake. Ushahidi wa usafi wangu si miti iliyo hai. Ni miti iliyokufa. Nina mizoga arobaini na saba katika daftari, pamoja na mgomba mmoja, ua wa mita kumi na nane, na pongezi ya bwana wa afya. Mhalifu anayeharibu kilimo huharibu cha serikali na kutunza chake. Mimi nimeharibu changu, kwa miaka minne, mbele ya mashahidi wanne, mmoja akiwa na soksi za serikali. Mtu anayeweza kuua mgomba kwa mapenzi na samadi, kwa nini ahangaike kuchemsha mbegu?

Kama Tume bado ina shaka, na ilete mti wake. Mti wa serikali, uliopandwa na mtaalamu wa serikali, katika udongo utakaoletwa na lori la serikali. Mimi sitaugusa. Nitaweka kigoda na kukaa karibu nao tu, nikisoma.

La nane: hasara kwa serikali.

Mnapoteza kitu, Bwana Mwenyekiti, na hili nalisema si kwa faida yangu. Nimesoma katika gazeti kwamba katika mto mkubwa limeingia gugu linaloelea, lenye maua ya zambarau. Kwamba limefunga njia ya meli, kwamba watu wamekatazwa hata kulichuma, na kwamba serikali inalinyunyizia dawa kwa mashua na halishtuki. Kila likikatwa huwa mawili. Niliposoma nilihisi, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1931, kwamba mimi pia nina kipaji.

Najitolea kulilea. Nileteeni gugu hilo katika beseni. Niandikieni barua kali kwamba lazima liishi, kwamba litahesabiwa na kwamba maisha yangu yanalitegemea. Mke wangu atanisaidia jioni. Nadhani wiki mbili zitatosha kwa beseni. Kwa mto wenyewe sina kipimo, lakini tunaweza kuanza Nyangwe na kushuka nao.

Baada ya maelezo hayo naomba Tume iamue mambo matatu tu. Kwamba katika faili yangu neno "mkaidi" likatwe na juu yake liandikwe "mkulima mbaya". Kwamba nirudishwe Lusangi mimi na mke wangu kabla ya mavuno ya mpunga, kwa nauli yetu wenyewe, hata kwa miguu kama tulivyokuja. Na kwamba nitakapofika kule itangazwe kwa ngoma, kijiji hadi kijiji, kuwa Bulaimu bin Kassimu asipewe mbegu ya pamba wala ya kitu chochote, asipimiwe shamba, asiruhusiwe kushika jembe, kwa usalama wa mazao ya serikali. Hiyo ya tatu naomba iandikwe kwa herufi kubwa. Najua itaonekana kana kwamba ni faida yangu. Ni bahati mbaya tu kwamba faida yangu na ya serikali zimekutana mahali pamoja.

Nawasalimu wajumbe wote wa Tume kwa majina yao, nisiyoyajua. Nawasalimu makarani, hasa yule aliyepiga barua ya mwaka 1952 bila kosa hata moja. Mpeni salamu mlinzi wa mlango, na mtunza bustani wa ofisi yenu. Mwambieni ninamheshimu, na asiogope, sina nia ya kumtembelea. Dominique anawasalimu pia. Ameniomba nisitaje ule mgomba, lakini tayari nimeutaja.

Mimi niliye chini ya amri yenu, na juu ya udongo usiosikia amri yangu,

Bulaimu bin Kassimu,
lupango la tatu kutoka msikitini, lile lisilo na majani.

Nyongeza. Barua nikiimaliza humsomea mke wangu, kwa sababu yeye husikia makosa ambayo macho yangu huyapita. Alisikiliza akimenya muhogo. Kwa Ramazani na chumvi yake alicheka mpaka kisu kikamwanguka. Kwa mgomba aliinama. Nilipofika pale pa sufuria alisema, "Basi, mume wangu," akafuta mikono, akakaa karibu nami juu ya mkeka, akaniambia jambo. Jambo lenyewe siliandiki hapa; ni la nyumbani, halihusu Tume. Ila baada ya kulisikia naona barua ina makosa. Ningeiandika upya, lakini karatasi nzuri zimekwisha, kwa hiyo naomba msahihishe kwa kalamu yenu kama ifuatavyo.

Katika la kwanza, pale nilipoandika "mbegu sikuzigusa", futeni. Nilizigusa. Nilizichemsha mwenyewe, peke yangu, mpaka maji yakapanda mara tatu. Mke wangu siku hiyo hakuwapo. Alikuwa amekwenda Nyangwe kumwona shangazi yake, na shangazi huyo amekufa, kwa hiyo hakuna haja ya kumwuliza. Hakimu alihukumu sawa. Ramazani alisema kweli, na hata chumvi namkubalia. Sababu yangu ilikuwa mpunga uliofika magotini ukang'olewa. Sikuwa na sababu nyingine.

Katika la pili, la tatu, la nne na la tano, kila palipoandikwa kwamba mti ulikufa, someni kwamba niliuua kwa maji ya moto, kwa makusudi, jioni. Katika la sita, aliyebeba sufuria ni mimi. Miwani sikuisahau.

La saba halina maana tena. Katika la nane, gugu la mtoni sitaliweza, msinitumie. Ikiwa mambo ni kama nilivyoelezwa, miti yote arobaini na saba ilikuwa imeshika vizuri, mpera ulikuwa mzima, na jani lile la mparachichi lilikuwa jani la kweli. Inaonekana nina mkono mzuri. Nimeitazama hii mikono tangu adhuhuri. Kwa hiyo kichwa cha barua nacho kigeuzwe: mimi ni mkaidi, na si mkulima mbaya.

Halafu tulizungumza kidogo, mimi na mke wangu, habari za kwetu. Aliniuliza swali moja. "Kule Lusangi, pamba ilikwisha?" Nilisema haijaisha, nimesoma kwamba mashamba yameongezwa. "Na hapa Uvira, ni nani amekuja na kamba kutupimia?" Nilisema hapa sité hakuna anayepimiwa. Akasema, "Ulikuwa unapanda vizuri sana. Nilikuwa naogopa wataona." Kisha akarudi kwenye muhogo.

Naondoa maombi yote matatu. Hukumu ibaki kama ilivyo, na jina lililo ndani yake libaki langu peke yangu. Leo alasiri nimepanda mlimau karibu na mlango, mbegu ya soko tu, bila kamba na bila daftari. Jioni umemwagiwa maji ya baridi; niliyajaribu kwa kidole, naye akanitazama nikiyajaribu. Huo si wa Tume. Msimtume Dominique kuuhesabu.

Sitarudi Lusangi.